Neno moja katika mapatano ya Hanoi

Wengi wetu twadhani kwamba mapatano yakiisha kutiwa sahihi, vita vimekwisha. Na tutazame yaliyompata Jean Sainteny, mjumbe wa Ufaransa katika Vietnam.

Alifika Hanoi tarehe 22 Agosti 1945, bila jeshi. Wajapani, waliowanyang'anya Wafaransa utawala mwezi wa Machi, walikuwa wameshindwa. Tarehe 2 Septemba Ho Chi Minh alitangaza kwamba nchi yake yajitawala. Kisha wakaingia askari wa China, zaidi ya laki moja, walioagizwa na mataifa yaliyoshinda kuwapokonya Wajapani silaha upande wa kaskazini. Wageni hao wakala mchele wa watu waliokuwa wametoka katika njaa kuu. Basi Ho na Sainteny, ingawa walishindana, kila mmoja alitamani Wachina waondoke. Hapo ndipo penye mlango wa mapatano.

Ugumu ulikuwa katika neno. Ho alitaka paandikwe kwamba Vietnam yajitawala, naye Sainteny hakuwa na ruhusa ya kulikubali neno hilo. Kiswahili chetu husema «huru» kwa yote mawili; lakini kwa Kifaransa nchi iliyo «libre» si lazima iwe «indépendante». Tarehe 6 Machi 1946, siku ile ile Wachina walipozipiga mizinga meli za Wafaransa bandarini Haiphong, walitia sahihi: Vietnam iwe dola «libre», yenye serikali, bunge, jeshi na fedha zake, ndani ya Umoja wa Ufaransa, askari 15,000 wa Ufaransa waingie kaskazini, na habari ya kuunganisha nchi ya kusini iamuliwe kwa kura ya wananchi.

Kura hiyo haikupigwa. Tarehe 1 Juni kamishna mkuu d'Argenlieu (naye alikuwa mtawa Mkarmeli kabla ya kurudi vitani) alitangaza jamhuri ya peke yake huko kusini, Ho akiwa safarini kwenda Ufaransa. Kwa maoni yetu mapatano yaliuawa siku hiyo, wala si mezani Fontainebleau, walikobishana bure hadi Septemba.

Mwezi wa Novemba Wafaransa waliipiga Haiphong kwa mizinga. Sainteny akarudishwa Hanoi aseme na Ho, lakini alikuwa amechelewa. Usiku wa tarehe 19 Desemba vita vilianza, gari lake likakanyaga baruti iliyotegwa, akajeruhiwa vibaya. Vita vile vilidumu hadi 1954. Mwaka huo alitumwa tena Hanoi, kuiwakilisha Ufaransa mbele ya serikali ya Ho Chi Minh.