Valvu ya moyo kujaa kalsiamu: Kwa nini wengine inawapata na wengine hapana?

Kinole, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mtu mzima akianza kuhema kwa kupandisha kilima na mkungu wa ndizi, jibu la haraka huwa moja: uzee huo. Mara nyingi ni kweli. Lakini wakati mwingine shida iko kwenye mlango mmoja mdogo wa moyo.

Mlango huo ni valvu ya aota, ambayo damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini. Una vipande vitatu laini vinavyofunguka na kufunga karibu mara 100,000 kwa siku. Kwa baadhi ya watu, kalsiamu hujijenga humo taratibu kwa miaka mingi. Vipande vinakakamaa, njia inakuwa nyembamba, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Si dagaa, si maziwa

Kalsiamu hiyo haitokani na kula dagaa au kunywa maziwa. Seli za valvu yenyewe hubadilika tabia na kuanza kufanya kazi kama seli zinazotengeneza mfupa. Umri, presha, sigara na kisukari huchangia. Urithi nao una sehemu yake.

Vinasaba vinaingiaje?

Mwaka 2013, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliochunguza vinasaba vya watu 6,942 wenye asili ya Ulaya. Tofauti moja ndogo kwenye jeni iitwayo LPA ilijitokeza: kila nakala ambayo mtu amerithi iliongeza uwezekano wa kukutwa na kalsiamu kwenye valvu karibu mara mbili. Kwa Wamarekani weusi, matokeo yalielekea huko huko.

Jeni hiyo ndiyo inayoongoza utengenezaji wa chembe ya mafuta kwenye damu iitwayo Lp(a). Chembe hizo zikiwa nyingi, hupeleka mafuta yaliyoharibika hadi kwenye valvu na kuichokoza, ndipo kalsiamu inapoanza kushika.

Wapo pia wanaozaliwa na valvu ya vipande viwili badala ya vitatu, mtu mmoja au wawili kati ya 100. Valvu hiyo huchakaa mapema. Mwaka 2005, watafiti walionyesha kuwa hitilafu kwenye jeni ya NOTCH1 inaweza kuleta tatizo hilo ndani ya familia moja.

Na Waafrika je?

Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika wana Lp(a) nyingi kuliko Wazungu. Hata hivyo, Marekani watu weusi wanaogundulika na valvu iliyobana ni wachache kwa uwiano. Jeni peke yake haimalizi habari.

Tanzania ina ushahidi wake. Utafiti wa Lugalawa, kusini mwa nchi, ulilinganisha wavuvi wa Ziwa Nyasa wanaokula samaki kwa wingi na wakulima wanaoishi kwa vyakula vya mimea. Ripoti ya 1999 ilionyesha wavuvi walikuwa na Lp(a) kidogo zaidi, na tofauti hiyo haikuelezwa na maumbile ya protini waliyorithi. Utafiti huo haukupima valvu, lakini ulionyesha kwamba hata kiwango kinachotawaliwa na urithi kinaweza kusogea.

Cha kufanya

Kwa vijana wa Tanzania, valvu huharibiwa zaidi na homa ya baridi yabisi, inayoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mtoto mwenye mafindofindo na homa apelekwe zahanati, asiachiwe maji ya chumvi tu.

Kwa mtu mzima, dalili za kutopuuza ni tatu: kuishiwa pumzi kwa kazi aliyoizoea, kifua kubana, na kuzimia ghafla. Daktari akisikiliza kifua anaweza kusikia mlio usio wa kawaida, na kipimo cha eko huonyesha valvu inavyofanya kazi.

Hakuna kidonge cha kuyeyusha kalsiamu hiyo. Ikibana sana, tiba ni kubadilisha valvu, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa valvu. Kuchelewa ndiko kunakoua: dalili zikishaanza na valvu isibadilishwe, wengi hawamalizi miaka mingi.

Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyezaliwa na valvu ya vipande viwili amweleze daktari mapema, hata kama bado anapanda mlima bila shida.