Sura ya Tano: Kaswida Kati ya Bale na Barawa

Ukitaja muziki wa Waislamu, wengi hukumbuka udi wa Kairo, nai ya Konya, au kawali ya Pakistani. Msomaji wa pwani ataongeza matari ya Lamu. Banissa haitajwi. Ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Mandera, nchi ya Wagarre na Wadegodia, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Nadhani husahaulika kwa sababu mtafutaji wa muziki hutangulia kuulizia ala, na mfugaji anayehama na mifugo habebi ala nyingi. Anabeba sauti, makofi na mashairi aliyoyahifadhi kichwani. Nami nashikilia kwamba hivyo vitatu ndivyo msingi wa muziki wa ibada popote Uislamu ulipofika. Nai na matari vilikuja juu yake.

Banissa iko kati ya chemchemi mbili za muziki huo. Ukivuka mto Daua kuelekea kaskazini utaingia Ethiopia, na mbele zaidi ni Bale, alikozikwa Sheikh Hussein, walii anayekadiriwa kuishi karne ya 12 au ya 13. Kaburi lake liko Dirre Sheikh Hussein, karibu na mto Shebelle. Mto huohuo hushuka hadi Somalia na kupita nyuma ya mji wa Barawa, iliko chemchemi ya pili.

Wanaokwenda kumzuru Sheikh Hussein, hasa wakati wa Arafa, hushika fimbo yenye panda na kuimba baro, yaani sifa za walii huyo kwa lugha ya Kioromo. Kiongozi hutoa mshororo, jamaa hupokea kwa kiitikio kilekile, naye huendelea na karama nyingine. Kwa watu wasiojua kusoma Kiarabu, hayo ndiyo yalikuwa madarasa yao: majina ya Mitume, habari za Akhera na adabu za mja kwa Mola wake viliingia masikioni kwa wimbo. Wagarre wengi huzungumza Kioromo nyumbani, kwa hiyo kwao baro haihitaji mkalimani.

Barawa nayo ilimtoa Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa 1847. Alikwenda Baghdad, akapokea idhini ya tarika ya Kadiria, akarudi kuieneza hadi Zanzibar na bara la Tanganyika. Alitunga kwa Kiarabu na kwa Kisomali. Mjini kwake akina Dada Masiti, mwanamke mshairi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20, walitunga kwa Chimwini, lahaja ambayo Mswahili wa Lamu au Mombasa akitega sikio ataifuata. Utunzi haukuwa mambo ya starehe tu. Sheikh Uways aliwashutumu kwa shairi wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, waliokataa kuwaomba mawalii wafu shufaa, na mwaka 1909 watu wa Sayyid walimuua huko Biyoole. Kaswida zake hazikuzikwa naye.

Kaswida huimbwa ndani ya zikri, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja, basi tuitazame zikri yenyewe. Wanaume husimama duara, bega kwa bega. Khalifa, kiongozi wao, huanza *La ilaha illa Allah* polepole, kila neno likitamkwa lote, na miili hupinda mbele na kuinuka kwa pamoja. Mwendo unapozidi, maneno hupungua: likabaki jina *Allah* peke yake, kisha *Hu*, mpaka herufi zenyewe zikapotea na kilichobaki ni pumzi nzito itokayo kifuani. Pwani, wengine huiita zikri ya kukohoa. Wakati kundi linavuma hivyo, mtu mmoja au wawili huimba kaswida juu yake, wakirefusha sauti pale ambapo kundi linakata. Pumzi ndiyo ngoma, kaswida ndiyo zumari, na hakuna kilichonunuliwa dukani. Khalifa hutazama nyuso, hupunguza mwendo kwa ishara ya mkono, na dua ikisomwa kila mtu huketi akitweta.

Je, huu ni muziki? Wanazuoni wamebishana karne nyingi. Imamu al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika kwa urefu katika *Ihya Ulum al-Din* kwamba kusikiliza sauti nzuri huhukumiwa kwa kile kinachochemka moyoni mwa msikilizaji. Wengine walikataa katakata, na kaskazini mashariki mwa Kenya wapo masheikh wengi leo wanaoiona zikri ya duara na ziara za makaburi kuwa bidaa. Hoja yao inatoka kwenye mapenzi ya dini, wala si chuki ya sauti nzuri, maana haohao huhangaikia tajwidi usiku na mchana. Lakini naumia ninaposikia kijana wa Mandera akiambiwa kwamba babu zake hawakuwa na elimu. Walikuwa nayo, na waliihifadhi kwa vina.

Wanawake wana chao. Katika nchi za Wasomali, toka Djibouti hadi kusini, wao hukusanyika kwa ajili ya sitaad. Ubani huchomwa, manukato hupitishwa mkono kwa mkono, kahawa huandaliwa, na ngoma hupigwa kwa viganja. Husifiwa Mtume kwanza, kisha Bi Hawa mama wa watu wote, Bi Maryam, Bi Khadija na, zaidi ya wote, Bi Fatuma binti Mtume. Mwenye mimba aliyekaribia kujifungua hukalishwa kati yao, na kiongozi humwombea kwa wimbo, akiwaita mabibi hao mmoja mmoja kwa majina yao. Wenzake huitikia, na asiyejua maneno hupiga makofi mpaka ayashike.