Je, Wajua Miraa Hufanya Nini Ubongoni?

Miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi, ni vijiti na majani machanga ya mti wa Catha edulis. Mti huo hustawi kwenye vilima vya Nyambene huko Meru, Kenya, na pia Ethiopia na Yemen. Mtafunaji huambua ganda laini kwa meno, akalitafuna na kulirundika shavuni kwa saa kadhaa huku akimeza maji yake.

Nguvu ya miraa hutokana na kathinoni, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa. Majani yakinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni hafifu zaidi. Ndiyo maana vifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba, na magari kutoka mji wa Maua huko Meru hukimbizwa ili mzigo ufike ukiwa mbichi.

Kathinoni inafanana kimuundo na amfetamini. Ikifika ubongoni, huzifanya seli za neva zimwage dopamini na noradrenalini kwa wingi, kisha huchelewesha kemikali hizo kurudi ndani ya seli. Dopamini huhusika na raha na hamu. Noradrenalini humweka mtu macho na kuharakisha mapigo ya moyo. Mtafunaji huchangamka, maneno humtoka, njaa na usingizi humwishia. Watafunaji huiita hali hiyo handas. Ikiisha, huja unyong'onyevu, hasira za karibu na kukesha.

Kwa anayetafuna kila siku kwa miaka, ubongo huzoea. Kiasi cha jana hakimtoshi leo, na siku anayokosa hupatwa na uchovu, huzuni na ndoto mbaya. Tafiti zilizolinganisha watafunaji wa muda mrefu na wasiotafuna zimewakuta wale wa kwanza wakiwa wazito zaidi katika kujizuia na kuhamisha mawazo kutoka kazi moja hadi nyingine. Hata hivyo, si rahisi kuibebesha miraa lawama yote, kwani watafunaji wengi pia huvuta sigara na hulala kidogo. Wachache wanaotafuna kupita kiasi husikia sauti zisizokuwepo na kushuku kila mtu. Mara nyingi dalili hizo hutulia wakiacha.

Kenya miraa ni zao halali. Tanzania ni marufuku, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Popote alipo, mwenye historia ya ugonjwa wa akili ni heri ajiepushe nayo, na anayeanza kusikia sauti aache na amwone daktari mapema.