Mpiga bateri aliyetuachia kavacha

Kwenye ndoa hapa Musienene, sebene ikianza tu, mpiga bateri anaingia na mdundo ule ule: kavacha. Ulitoka wapi?

Zaïko Langa Langa ilianzishwa Kinshasa mwaka 1969. Orkestra za wakubwa zilikuwa na tumba na trompeti. Vijana hawa waliacha trompeti, wakaweka bateri mbele, sawa vile makundi ya rock ya Ulaya. Aliyeikalia ni Meridjo Belobi. Inasemwa mdundo wake aliutoa katika mlio wa treni ikikimbia kwenye reli. Miaka ya 1970 ulifika hadi Nairobi.

Waimbaji ndio tunawataja majina. Lakini kijana anayejifunza bateri leo, mikono yake inamufuata Meridjo, hata kama hajamusikia bado.