WAIPA ZIKIGOMA MVUANI, USILAUMU MOTA KWANZA

Kwetu Kuresoi mvua na ukungu si wageni. Jioni moja katika likizo ya Agosti nilikuwa kwenye pikapu ya mjomba, tukipeleka viazi Molo kutoka Keringet. Mvua ilipochacha, waipa zilisimama katikati ya kioo. Mjomba akatoa kichwa dirishani apate kuona njia. Mkokoteni wa punda tuliuona ukiwa hatua chache tu mbele yetu! Mjomba alikanyaga breki, gari likateleza likasimama pembeni. Mzee mwenye punda alituuliza, "Mnataka kuniua?" Hatukuwa na jibu.

Kesho yake fundi mmoja aliitazama mota ya waipa dakika mbili akasema, "Hii imeungua. Nunua ingine." Bei yake ilikuwa sawa na magunia manne ya viazi. Nikamwambia mjomba, "Tafadhali nipe leo tu nijaribu." Katika Fizikia tulifunzwa kwamba umeme lazima uende na urudi. Hapo ndipo nilipoanzia.

Umeme wa volti 12 hutoka kwenye betri, hupitia fyuzi na swichi, huingia kwenye mota, kisha hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita athi. Ndani ya mota, vipande vidogo vya kaboni viitwavyo brashi hupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Basi fuata hatua hizi:

1. Chomoa fyuzi uitazame. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kiasi kile kile. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara. Nyaya zinaweza kushika moto. Ikikatika tena papo hapo, kuna nyaya zilizogusana au mota imekwama.

2. Chukua balbu ndogo ya gari yenye nyaya mbili. Washa waipa. Gusisha waya mmoja kwenye bodi ya gari iliyo safi na mwingine kwenye waya unaoleta umeme kwa mota. Balbu isipowaka, rudi nyuma ukague swichi na nyaya.

3. Balbu ikiwaka na mota haizunguki, usiihukumu bado. Balbu imetumia athi yake safi, si athi ya mota! Unganisha waya mnene kutoka chuma cha mota hadi upande hasi wa betri. Mota ikizunguka, ubaya uko kwenye athi.

4. Bado? Zima waipa, kisha tenganisha mota na vyuma vinavyosukuma waipa. Washa tena. Mota ikizunguka, ni vyuma vilivyoshika kutu. Chunga vidole!

5. Sasa igonge mota polepole. Ikishtuka na kuzunguka, mara nyingi brashi zimeisha. Ondoa waya wa betri kabla ya kuifungua.

Sisi hatukupita hatua ya tatu. Nilipounganisha ule waya, waipa ziliruka mjomba akapiga kelele! Bolti ya athi ilikuwa imejaa kutu na matope. Tuliisugua kwa msasa, tukaikaza, kazi ikaisha. Mota ilikuwa nzima kabisa. Fundi yule aliona umeme ukifika, akasahau kuuliza kama ulikuwa unarudi.

Jambo hili si la pikapu peke yake. Ndege ndogo kama Cessna 172 nyingi hutumia mota ya umeme kushusha vibawa vya nyuma ya mbawa zikikaribia kutua. Huko pia umeme huenda na kurudi, ingawa kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

Magunia manne yaliuzwa Molo, na sehemu ya pesa hizo ikawa karo yangu ya muhula wa tatu. Wenzangu, wahenga hawakukosea: haraka haraka haina baraka. Kabla ya kusema kitu kimekufa, fuata njia yake yote, ya kwenda na ya kurudi.