Mrefu Hafungi Peke Yake

Kwetu pwani ya kusini, toka Mikindani hata Msimbati karibu na mdomo wa mto Ruvuma, kila mtu ajua kwamba mnazi ni mrefu, lakini dafu halishuki mpaka apatikane mkwezi. Jambo hilo, ndugu msomaji, husahauliwa katika mpira wa kikapu. Kijana aliyerefuka kuliko wenzake hupewa amri moja tu: "Kasimame chini ya goli!" Asipofunga hulaumiwa, na pengine huuacha mchezo kabisa.

Tumtazame Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa sentimita 221. Mwaka 2009 alikuwa wa pili kuchaguliwa miongoni mwa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut alisifika kwa kuzuia mipira ya wapinzani. Lakini hadi msimu wake wa mwisho katika ligi hiyo, ule wa 2013-14, wastani wake ulikuwa kama pointi 2 tu kwa mchezo. Urefu pekee haufungi.

Sababu mojawapo imo katika kanuni. Timu ikishambulia, mchezaji wake haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 mfululizo katika eneo lililo mbele ya goli la wapinzani. Pasi ikichelewa, nafasi imepotea. Walinzi nao, wakijua kwamba hakuna atupaye kutoka mbali, humzingira mrefu wawili au watatu.

Dawa yake i mikononi mwa wenzake wanne. Kwanza, wasimame mbalimbali, wengine nje ya mstari wa pointi 3, tayari kutupa. Walinzi watalazimika kuwafuata. Pili, pasi itoke pembeni, ambako haikatwi kwa urahisi. Naye mrefu amwekee mlinzi mgongo na kunyosha mkono ulio mbali naye, uwe shabaha ya pasi. Tatu, mrefu aje amzibie njia mlinzi wa mwenye mpira, kisha ageuke upesi kuelekea goli, mpira umkute njiani. Akizingirwa, aurudishe kwa aliye huru.

Basi, walimu na wazazi wa Mtwara, kabla hatujamlaumu kijana huyo, au binti huyo, na tuhesabu kwanza: leo amepelekewa mpira mara ngapi, na mahali gani?