Maradhi ya Kudumu Yataka Dawa ya Kudumu

Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi mbele ya redio, wakajifunza, kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Maradhi mengi yaliyopigwa vita siku zile yalikuwa ya kuja na kuondoka: mgonjwa alitibiwa, akapona, akarudi shambani. Lakini wamo miongoni mwetu wagonjwa wa namna nyingine, wenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au selimundu, ambao wengi wao hawatarajii kuambiwa kwamba wamepona kabisa. Suala lililo mbele yao ni jinsi ya kuishi na maradhi hayo kwa utulivu na matumaini.

Tuitazame Mzinga, kata iliyo chini ya milima ya Uluguru, katika Manispaa ya Morogoro. Wako wanaodhani kwamba maradhi haya ni ya matajiri wa mijini, na kwamba mkulima apandaye mlima na jembe begani hayamgusi. Ushahidi unakataa. Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilifuatilia vifo vya watu wazima katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wilaya iliyo jirani na Mzinga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua Morogoro Vijijini kwa kiwango kipatacho mara tatu ya kile cha Uingereza. Wataalamu walilishuku zaidi shinikizo la damu lisilotibiwa.

Wala msomaji wa Unguja au Pemba asiseme kwamba hayo ni mambo ya watu wa milimani. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kuwa takriban theluthi ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu. Shida hii ni yetu sote.

Hatari ya shinikizo la damu ni kwamba mara nyingi haliumi. Mgonjwa hunywa dawa mwezi mmoja, akajiona mzima, akaziacha. Na huku nyuma moyo, figo na ubongo vinaendelea kuharibika. Kwa hiyo utulivu tunaousema hapa si kukaa kimya na kungoja. Ni kuijua hali yako, kumeza dawa kila siku hata usiposikia maumivu, kupimwa kwa wakati, kutembea, na kupunguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku.

Matumaini nayo yana msingi. Kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto mwaka 1921, mtoto ambaye mwili wake umeacha kuitengeneza hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Siku hizi mtoto huyo, akiipata kila siku, husoma, hufanya kazi, huoa na kulea wanawe. Hata nyumba isiyo na jokofu inaweza kuihifadhi insulini katika ubaridi wa mtungi wa udongo. Basi jamaa wasimfiche mgonjwa kwa aibu, maana mficha maradhi kifo humfichua. Na tujihadhari na kila aahidiye kuufuta ugonjwa wa kisukari kwa chupa moja ya dawa.

Hata hivyo, hapana budi tuseme wazi: subira ya mgonjwa haiwezi kuziba pengo la dawa. Mtu akishuka kutoka milimani, akatumia nauli na siku nzima ya kazi, kisha akaambiwa dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo, mawaidha yetu juu ya matumaini yanageuka dhihaka. Mto Ruvu huanzia Uluguru na kuwapa maji wakazi wa Dar es Salaam. Ungetiririka wiki moja na kukauka wiki mbili, hakuna ambaye angewahubiria wakazi hao utulivu. Na dawa ya maradhi ya kudumu ni vivyo hivyo.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Zanzibar ikaanzisha Mfuko wa Huduma za Afya. Hatua hizo ni njema, lakini sheria haimezwi. Tunatoa wito kwa viongozi wa wizara, mikoa na wilaya, Bara na Visiwani, kuhakikisha kwamba kila zahanati ina kipimo cha shinikizo la damu kinachofanya kazi pamoja na dawa zisizokatika, na kwamba mgonjwa ambaye hali yake imetulia anapewa dawa za miezi miwili au mitatu kwa safari moja.

Mgonjwa atimize wajibu wake wa kila siku, na Serikali itimize wake wa kila siku. Hapo ndipo mkulima wa Mzinga na mvuvi wa Pemba watakapolala usingizi wa amani, wakijua kwamba dawa ya kesho ipo.